Mpangilio wa Bambo Likaku

Gereza la Namaluzi, Seli ya Nne
11 Mei 2009

Mayi Nyirongo,

Natumaini barua hii imekukuta mzima. Mimi ni yule mrefu mwenye fulana ya kanisa, uliyezungumza naye wa mwisho siku uliyokuja kama wakili kutusikiliza, askari akigonga geti kukukumbusha muda umekwisha. Uliandika jina langu, ukasema mengine niyalete kwa barua. Nayaleta.

Naitwa Wyson Likaku, wa Phalombe. Nilikuwa nabeba abiria kwa baiskeli, na Jumapili nilikuwa karani wa kanisa letu. Mwaka 2006, siku ya soko, watu walimpiga kijana waliyesema kaiba mbuzi. Nilipofika walikuwa wameshatawanyika, naye kalala nyuma ya mashine ya kusaga, bado anapumua. Nilimfunga kwenye kiti cha abiria kwa kitenge cha mama mmoja muuza nyanya, nikamsukuma hadi zahanati. Akafia mlangoni. Polisi walipokuja wakauliza nani kamleta. Nikanyoosha mkono. Tangu siku hiyo niko mahabusu kwa kesi ya mauaji, na baiskeli yangu iko kituoni, wanasema ni kielelezo.

Nesi aliniona nikimleta. Mama wa nyanya aliniona nikimwokota. Hakuna aliyewahi kuwauliza.

Siandiki ili kukuharakisha. Humu wamo watu wenye shida kuliko mimi, nawe wakili ni mmoja tu. Ukipata nafasi.

Wako kwa heshima,
Wyson Likaku


Blantyre
2 Juni 2009

Bambo Likaku,

Barua yako nimeisoma kwenye benchi la mahakama nikimsubiri hakimu. Mwezi huu ni ya kwanza ambayo sikuhitaji kuisoma mara mbili ili nijue mtu anataka nini. Asante kwa hilo.

Nikueleze hali ilivyo, usije ukadhani nimekusahau. Tuko mawakili wawili kwa magereza yote ya huku kusini, na mwenzangu yuko likizo ya uzazi. Meza yangu sijaiona mbao zake tangu Krismasi. Bosi wetu alitupeleka semina, tukafundishwa kugawa kazi mafungu matatu: ya leo, ya mwezi huu, na ya kusubiri. Ya leo ni ya wale ambao wakichelewa watapoteza kitu kisichorudi. Wagonjwa, watoto waliochanganywa na watu wazima, waliohukumiwa ambao muda wao wa kukata rufaa unayoyoma.

Kesi yako ni nzuri. Mashahidi wapo, maelezo yananyooka. Kesi ya namna hiyo haiozi kwa kukaa, kwa hiyo nimeiweka kwenye fungu la kusubiri. Usilichukulie vibaya. Ni dalili kwamba huna cha kuogopa.

Halafu kuna kitu nimekigundua. Hapa mezani nina barua tano za watu watano wa Namaluzi, na zote zina mwandiko wako. Hata ya Lameck Gunde, anayesema atanitangaza redioni. Ni wewe?

Towera Nyirongo


Gereza la Namaluzi
20 Juni 2009

Mayi Nyirongo,

Ni mimi. Lameck anasema, mimi naandika. Nilichofanya ni kupunguza matusi, na ukitaka kuamini, uliyoyaona ndiyo yaliyopunguzwa.

Humu wengi hawajui kuandika, na wanaojua wanataka walipwe sigara. Kwa hiyo wanakuja kwangu. Nyapara wetu, Mzee Kapalamula, ananicheka mbele ya watu. Anasema, "Likaku, barua za wenzako unaziandika kwa nyundo. Ya kwako umeiandika kwa unyoya wa kuku." Nadhani ni kweli. Nikiandika ya mwenzangu namwona usoni, najua kinachomuuma. Nikianza ya kwangu najiona nimesimama mlangoni kwa watu na bakuli mkononi, kalamu inakuwa nzito.

Maneno yako kuhusu mafungu nimeyaelewa. Nitasubiri. Mke wangu Esnati alikuja Jumamosi na mtoto wetu Tionge, nikamsomea barua yako. Akaniuliza, "Kama kesi ni nzuri, kwa nini inakaa chini?" Nikamwambia wakili anajua kazi yake.

Wyson Likaku


Blantyre
14 Septemba 2009

Bambo Likaku,

Utakuwa umesikia kwamba Lameck ametoka kwa dhamana. Nikiri kwamba nilimshughulikia ili nipumue.

Hilo ndilo linanifanya nikuandikie. Nikija Namaluzi ninapewa muda mfupi, wanaume wananizunguka kila mmoja ananivuta mkono, na mwisho ninaondoka na kesi za wenye sauti kubwa. Mgonjwa wa kweli yuko ndani amelala, hana hata nguvu ya kufika getini. Nakosea, najua nakosea, na sina njia ya kujua ninamkosea nani.

Wewe unalala nao. Naomba kila mwezi uniandikie majina kwa mpangilio: nani aanze, nani afuate, na sababu kwa mstari mmoja. Nitafuata utakavyopanga. Nimeshazungumza na mkuu wa gereza, atakupa karatasi na kalamu.

Najua ninakuomba kazi bila malipo. Nikatalie ukitaka.

Towera Nyirongo


Gereza la Namaluzi
5 Oktoba 2009

Mayi Nyirongo,

Mpangilio wa kwanza huu hapa, upande wa pili wa karatasi. Nimekaa nao kila mmoja peke yake. Si kazi ndogo. Tunalala kwa ubavu kama samaki kwenye kikapu, na mtu akitaka kugeuka wote tunageuka, kwa hiyo kupata pa kunong'ona na mtu ni shughuli. Wengine walilia. Mmoja nilimwamini kwa siku mbili, kisha nikagundua kwamba kidonda anachonionyesha anakikwaruza mwenyewe kwa kijiko. Nimemweka katikati. Mtu anayejikwaruza kwa kijiko naye ana shida yake.

Mzee Kapalamula aliniletea kipande cha sabuni nimpandishe. Nikairudisha. Akaniambia, "Umeanza ujaji, Likaku. Tutakuona."

Jina langu nimeliandika chini kabisa, la kumi na tisa. Sina namna nyingine. Siku nitakayojiweka juu ya mtu mmoja tu, hakuna atakayeniamini tena, na sijui kama nitalala salama.

Wyson Likaku


Blantyre
22 Machi 2010

Bambo Likaku,

Nakuandikia haraka kati ya kikao na kikao. Wale saba wa juu kwenye mpangilio wako wa Januari wote wamefika mbele ya hakimu. Saba. Mwaka jana nisingefikisha saba kwa mwaka mzima. Yule mtoto uliyemweka wa kwanza, ambaye polisi walimwandika kuwa na miaka ishirini, cheti chake cha ubatizo kimepatikana na ameshapelekwa kwa bibi yake.

Bosi alinisifu mbele ya watu, akauliza nimefanyaje. Nikamwambia nina karani Namaluzi. Wakacheka wakidhani natania. Sasa wanataka magereza mengine yaige, na mimi ndiye nitakayeyazungukia kufundisha.

Ukitoka humo sijui nitafanya nini. Natania.

Mpangilio wa Aprili nitumie mapema, nitakuwa safarini.

Towera


Gereza la Namaluzi
8 Novemba 2010

Mayi Nyirongo,

Mpangilio wa mwezi huu uko nyuma. Wa kwanza ni Saidi Mbewe, hukumu yake inasomwa mwezi ujao na hana mtu. Wa pili na wa tatu wana kifua, daktari hajafika tangu Agosti.

Nina moja la kukuuliza. Safari hii namba kumi na tisa sikuiandikia jina. Ni mtu ambaye mke wake anaumwa. Alikuwa akija kila mwezi, sasa hawezi tena kutembea hadi kituo cha basi. Anakohoa damu. Kuna mtoto mmoja mdogo nyumbani, na hakuna mwanamume wa kumpeleka mama hospitali. Mtu huyu haumwi, kesi yake haina haraka kwa karatasi, na anaona haya kupanda juu ya wagonjwa wa humu ndani. Hataki watu wajue mambo ya nyumbani kwake.

Nimeshindwa kuamua peke yangu. Pima wewe. Ukiona anastahili kupanda, niambie, nitakuletea jina kwa barua ya haraka.

Wyson Likaku


Blantyre
1 Desemba 2010

Bambo Likaku,

Mpangilio umefika. Saidi nimemchukua.

Namba kumi na tisa: kila mwanamume humo ana mke, mama au mtoto anayeumwa. Nikianza kupanga kwa magonjwa ya nyumbani sitamaliza, na wenye kifua watakufa mikononi mwangu. Mpe pole. Abaki palepale.

Wa Januari nautaka kabla ya tarehe tano, nina mkutano na wafadhili.

T. Nyirongo


Blantyre
4 Aprili 2011

Bambo Likaku,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Januari hakuna mpangilio, Februari hakuna, Machi hakuna. Nilipokuja, askari alirudi kuniambia kwamba umekataa kuja getini. Nikazungukwa na watu kama zamani, nikaondoka na majina ya waliopiga kelele.

Saidi Mbewe alihukumiwa Desemba nikiwa mahakama nyingine, na ulijua kwamba mimi hutegemea uniambie hukumu ikitoka. Muda wa rufaa ulipita wote. Sasa itabidi niombe ruhusa ya kuchelewa, na huenda nikanyimwa. Mtu wa kifua, yule wa pili, amefariki. Nimelijua hilo kwenye gazeti.

Kama umechoka, sema umechoka, nitakuelewa. Lakini watu wanaumia kwa kunyamaza kwako.

Towera Nyirongo


Gereza la Namaluzi
19 Aprili 2011

Mayi Nyirongo,

Namba kumi na tisa ni mimi.

Nilidhani ungejua, kwa kuwa mahali pale nimekaa tangu mpangilio wa kwanza, na nilikwambia mwenyewe. Lakini una magereza mengi.

Esnati alizikwa katikati ya Desemba. Dada yangu Fainesi ndiye aliyekuja kuniambia, majuma matatu baadaye, kwa sababu mto ulikuwa umejaa na barabara imekatika. Alisimama upande wa pili wa nyavu, akazungumza kwanza habari za kuku, za shamba, za bei ya mbolea. Nikamwacha azungumze. Nilishaona kwamba kavaa kitenge cha Esnati.

Ananiambia Esnati alikuwa akiuliza kila siku kama kuna barua kutoka kwa wakili. Mara ya mwisho hakuuliza.

Nilipowaambia wenzangu, hata wale wa kamari waliweka karata chini. Kisha Mzee Kapalamula akaniuliza, "Wakili wako alijua?" Nikasema hakujua. Akauliza, "Hukumwambia, au hakuuliza?" Nimekaa na swali hilo miezi mitatu. Ndiyo sababu sikuja getini. Sikujua nikikuona nitasema lipi.

Habari za Saidi na za marehemu wa kifua zimenifika. Wao hawakunikosea. Mpangilio wa Aprili uko nyuma, kamili, na sababu zake.

Jina langu nimelitoa.

Wyson Likaku


Blantyre
2 Mei 2011

Bambo Likaku,

Pole. Nimeandika neno hilo nikaliangalia, naona halitoshi, lakini sina jingine.

Nimetafuta barua yako ya Novemba nikaisoma upya. Nilikuwa nimeisoma nimesimama. Hata hivyo nina la kusema nawe, na naomba ulipokee. Kalamu ulikuwa nayo wewe. Jina lako ungeliandika la kwanza nisingeuliza hata sababu. Kwa nini ulinifumbia? Mimi si mtu wa kanisani kwenu wa kuonewa haya. Mimi ni wakili wako. Kazi yangu ni kuambiwa.

Jalada lako nimelihamisha leo hii kwenye fungu la kwanza. Kikao cha kesi za mauaji kitakaa Agosti na nitaomba liingizwe.

Na jambo la mwisho. Sikukuchelewesha kwa sababu unanifaa ukiwa humo. Nataka hilo ulijue kabisa.

Towera Nyirongo


Gereza la Namaluzi
15 Mei 2011

Mayi Nyirongo,

Sikuwa nimesema hivyo. Sikuwa hata nimewaza.

Sasa nawaza.

W. Likaku


Blantyre
9 Septemba 2011

Kwa Bambo Wyson Likaku,
kwa mkono wa mzee wa kanisa, Phalombe

Bambo Likaku,

Kikao cha Agosti kiliahirishwa, serikali haikuwa na fedha za kuwalipa wazee wa baraza. Nilikuwa najiandaa kukuandikia hivyo nikapigiwa simu kwamba umeshaachiwa. Siku hiyo nilikuwa Mulanje na maombi ya Saidi Mbewe, yule uliyemweka wa kwanza. Yamekubaliwa, kama utapenda kujua.

Nimefurahi kwa ajili yako. Nafahamu kwamba sina haki ya kusema hivyo, ila nimefurahi.

Nimezungumza na bosi. Kuna nafasi ofisini, ya mshahara, meza yako na kiti chako. Ungezunguka magereza kufanya ulichokuwa ukifanya, safari hii ukiwa mtu huru anayeingia na kutoka. Sijamwona mwingine anayeiweza kazi hii. Usinijibu haraka.

Ila kuna jambo haliwezi kusubiri. Kwenye mpangilio wako wa mwisho, uliouacha kwa mkuu wa gereza, kuna majina matatu juu kabisa yasiyo na maelezo: Jafali, Grevasio na Kapalamula. Sijui nianze na nani. Tafadhali.

Towera Nyirongo


Phalombe
3 Oktoba 2011

Mayi Nyirongo,

Nianze na hao watatu, kwa sababu wao bado wako ndani.

Jafali ni wa mguu. Aanze yeye, mguu umeanza kunuka na wenzake wanamsogeza karibu na ndoo ya choo. Grevasio si mkaidi kama askari wanavyosema. Katoka ng'ambo ya mpaka na anajua Kilomwe tu, tafuta mtu wa kumtafsiria na utapata kesi nzima kwa mazungumzo ya mara moja. Kapalamula ni nyapara wetu. Usimpuuze kwa kuwa anacheka na kila mtu. Kaingia kabla yangu na hajawahi kukaa na wakili hata siku moja.

Nikueleze nilivyotoka, maana naona hukuelezwa. Jaji alikuja kukagua gereza. Mkuu wa gereza akanisimamisha nimsomee majina ya mahabusu kwa kuwa nasoma kwa sauti. Nikasoma yote. Jaji akaniuliza, "Na wewe umefungwa miaka mingapi?" Nikamwambia sijafungwa, nasubiri kusikilizwa tangu 2006. Akauliza kama nina wakili. Nikasema ninaye. Akauliza, "Yuko wapi?" Kapalamula akajibu kutoka nyuma, "Huyo ndiye karani wake, bwana jaji." Watu wakacheka. Jaji hakucheka. Aliandika kitu, akafunga kalamu yake.

Juma lililofuata nilipelekwa mahakamani. Fainesi alikuwa amemleta nesi wa zahanati kwa basi. Nesi akasema aliniona nikimleta yule kijana, nimelowa jasho, nikiomba maji ya kumpa. Wakamuuliza kwa nini hakusema zamani. Akasema hakuna aliyemuuliza. Mwendesha mashtaka akasema jalada la polisi halionekani na hana shahidi. Jaji akaniambia niende nyumbani. Yote yalikwisha kabla ya watu kwenda kula. Nilikaa kwenye ngazi za mahakama, nesi akaninunulia mihogo ya kukaanga, nikaishika hadi ikapoa.

Kazi yako siitaki. Hasira ipo, sikatai, lakini si hiyo tu. Nikikaa kwenye meza hiyo nitaiweza, ndilo linalonitisha. Nitawapanga watu vizuri, bosi atatusifu, na kila mwezi kutakuwa na mmoja wa chini, na mimi ndiye nitakayemwandikia abaki palepale. Uliniuliza kwa nini nilikufumbia. Nilitaka unitafute. Katika watu wote wa kukuandikia, nilitaka mara moja tu uinue kichwa uulize, huyu ni nani. Hilo si jambo la kisheria, najua.

Nakuamini kwamba ulikuwa na kazi nyingi. Naamini pia kwamba unalala vibaya. Siwezi kukusaidia kwa hilo. Usiniandikie tena.

Baiskeli nimeikuta kituoni, imebaki chuma bila magurudumu. Nimeiacha. Sasa natifua shamba la Esnati, lilikuwa limeshikwa na majani. Tionge anakaa kwa Fainesi. Ana miaka minane, ananisalimu kwa kupiga goti kama anavyosalimiwa mgeni, kisha anarudi nyuma ya shangazi yake. Jana nilimwona anakuja shambani peke yake na kikombe cha maji. Akanipa, akasimama pembeni kuniangalia ninavyokunywa. Akasema, "Mama alisema utakuja kabla ya mvua."

Nikamwambia, "Si nimekuja?"

Akatazama mawingu upande wa mlima, akapokea kikombe chake.

"Siyo mvua hizi," akasema.

Wyson Likaku